Kongwa Kabla ya Karanga na Baada Yake

Wilaya ya Kongwa iko mashariki mwa Mkoa wa Dodoma, mahali ambapo milima ya Ukaguru inaishia na nyanda za Ugogo zinaanza. Kusini imepakana na Mpwapwa, kaskazini na Kiteto ya Mkoa wa Manyara, mashariki na Gairo ya Mkoa wa Morogoro, na magharibi na Chamwino. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 4,000. Wakazi wengi ni Wagogo. Wakaguru wako zaidi upande wa mashariki, na wafugaji wa Kimasai upande wa kaskazini. Msimu wa mvua ni mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haizidi sana milimita 500 au 600. Shida si uchache wake peke yake. Mvua inaweza kunyesha vizuri Desemba, ikakatika Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, kisha ikarudi Machi wakati haina tena cha kuokoa. Kila aliyekuja Kongwa na mpango mkubwa alikutana na jambo hilo, na historia ya wilaya haieleweki bila kuanzia hapo.

Nje ya Tanzania jina la Kongwa limefungamana na zao moja. Jimbo la West Virginia nchini Marekani husimuliwa kupitia makaa ya mawe: reli zilijengwa kuyafuata, miji ikaota kando ya migodi, wachimbaji na wenye migodi wakafikia hatua ya kupigana kwa silaha huko Blair Mountain mwaka 1921. Vitabu vya Waingereza vimeifanyia Kongwa vivyo hivyo kwa karanga. Lakini makaa ya West Virginia yalikuwepo kweli chini ya ardhi, na yamechimbwa kwa zaidi ya miaka 150. Karanga za Kongwa zilistawi zaidi kwenye makaratasi ya London, na kilimo chake kikubwa hakikufikisha misimu mitano. Mradi huo wa karanga wa Waingereza una mengi ya kufundisha, na hapa utapewa nafasi yake, ila kuifupisha Kongwa kuwa mradi wa karanga ni kuifuta historia iliyoutangulia na kuipuuza iliyofuata, ambayo kwa Afrika ina uzito mkubwa zaidi.

Misafara, reli na Mtunya

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda Unyanyembe na Ujiji, ilipumzika Mpwapwa na kujaza maji, kisha ikavuka pori kavu la Marenga Mkali kuingia Ugogo. Huko watemi walitoza hongo: vitambaa, shanga, waya wa shaba. Wasafiri wa Ulaya, Henry Morton Stanley akiwemo mwaka 1871, walijaza kurasa kwa malalamiko juu ya hongo hiyo, na mpaka leo wapo wanaoirudia lawama yao bila kuihoji. Ukiitazama kwa jicho la mwenye kisima, mambo hubadilika. Msafara wa mamia ya watu na punda ulikausha kisima kilichochimbwa kwa mikono na kununua akiba ya nafaka ya kijiji kizima. Hongo ilikuwa bei ya maji katika nchi ambayo maji yake yana mwenyewe.

Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, waliweka kituo Mpwapwa katika miaka ya 1870, na Kampuni ya Wajerumani ikajenga kituo chake hapo mwaka 1887. Kituo hicho kilishambuliwa mwaka 1889 wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, kisha kikajengwa upya. Katika muongo uliofuata sotoka ikafyeka ng'ombe wa Ugogo kama ilivyowafyeka wa Afrika Mashariki nzima. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, ikipitia bonde la Kinyasungwe, kusini mwa Kongwa. Kwenye mji wenyewe wa Kongwa, CMS walifungua chuo cha kuandaa walimu na watumishi wa kanisa muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Chuo hicho kipo hadi leo kwa jina la Chuo cha Theolojia cha Mtakatifu Filipo, na ni miongoni mwa taasisi chache za wilaya zilizovuka karne nzima.

Vita hiyo ndiyo iliyoleta msiba mkubwa kuliko yote ambayo Ugogo inakumbuka. Jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Waingereza walipoingia mwaka 1916 wakachukua tena. Vijana waliokuwa wapalilie mashamba walikuwa wamebeba mizigo ya jeshi mbali na kwao, na wengi hawakurudi. Mvua ilipokosekana, hapakuwa na ng'ombe wa kuuza wala kihenge chenye akiba, na juu yake ikaja homa ya mafua iliyozunguka dunia mwaka 1918. Wagogo waliiita njaa hiyo Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox amekadiria kwamba watu 30,000 walikufa kati ya watu wapatao 150,000 wa Ugogo. Ukame haukuwa mgeni Ugogo, na jamii ilikuwa na njia zake za kuuvuka: kuhamisha mifugo, kukopeshana ng'ombe, kubadilishana mifugo kwa nafaka na majirani wa milimani. Mtunya iliua kwa kiasi kile kwa sababu vita ilikuwa imezivunja njia hizo kwanza.

Karanga

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa bado wanakula kwa mgawo, na mafuta ya kupikia yalikuwa miongoni mwa vitu adimu kabisa. Machi 1946 Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, aliipelekea serikali yake wazo la kulima karanga kwa mashine katika Afrika Mashariki. Ujumbe wa watu watatu ukatumwa chini ya John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Ulikaa wiki zipatazo tisa, na sehemu kubwa ya ardhi iliyopendekezwa uliiona kutoka kwenye ndege. Ripoti yake ilikuwa ya uhakika wa kushangaza: ekari milioni 3.2 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Gharama ya pauni milioni 24. Mavuno ya tani 600,000 kwa mwaka baada ya miaka michache. Serikali ya Clement Attlee iliridhia, na Waziri wa Chakula, John Strachey, akawa msemaji wake mkuu.

Kongwa ilichaguliwa kuwa ya kwanza. Ilikuwa karibu na reli, na ardhi ilionekana tupu. Utupu huo ulikuwa na sababu yake. Watu hawakujenga kwa wingi kwenye nyika ile kwa kuwa haikuwa na mto wa kudumu wala visima vya kutosha. Waliitumia kwa malisho, asali na kuni, wakaishi kando ya vilima palipo na maji. Kilichosomwa na wageni kama ardhi isiyo na kazi kilikuwa, kwa wenyeji, ardhi ambayo kazi yake inajulikana na mipaka yake inajulikana.

Kikosi cha kwanza kilifika mwanzoni mwa mwaka 1947. Matatizo yalianza hata kabla mbuyu wa kwanza haujaguswa. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa ndogo, reli ilikuwa ya njia moja, na mafuriko ya Kinyasungwe yaliikata reli hiyo katikati ya msimu wa kusafirisha mitambo. Kwa kuwa viwanda vya Uingereza havikuwa na matrekta ya kutosha, yalinunuliwa mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, mengi yakiwa yamechakaa. Vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta na kupewa jina la Shervick. Vichaka vya Kongwa ni vya miti mifupi iliyosukana, yenye mizizi mirefu, na katikati yake imesimama mibuyu ambayo buldoza huizunguka nusu siku. Ndani ya mibuyu hiyo mna nyuki, na madereva zaidi ya mmoja walikimbia wakiacha injini inanguruma. Baadaye ilipatikana njia nzuri kidogo: matrekta mawili yakivuta mnyororo wa nanga ya meli katikati yao na kuviangusha vichaka kwa upana. Kuangusha kuliwezekana. Kung'oa mizizi kulibaki kazi nyingine kabisa, na mizizi ndiyo iliyokuwa inavunja plau.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kiasi cha 7,500.

Adui mkubwa zaidi alikuwa chini ya miguu, naye anastahili kuangaliwa kwa karibu. Mkaranga ukishachanua huteremsha vikonyo vinavyochoma udongo, na maganda yenye punje hukua chini kwa chini. Unahitaji udongo laini mara mbili: vikonyo vinapoingia, na siku ya kung'oa. Udongo mwekundu wa Kongwa una mfinyanzi na changarawe kali. Ukilowa hulimika; jua likiuwakia hukakamaa kama saruji. Ile changarawe ilikuwa inakula majembe ya mashine kwa kasi ambayo hakuna aliyeipigia hesabu, na udongo uliokauka uliyashika maganda, mashine ikang'oa majani na kuacha mavuno ardhini. Mkulima mdogo mwenye robo ekari huchungulia mawingu na kung'oa karanga zake unyevu ungalipo, familia nzima ikiingia shambani kwa siku mbili tatu. Shamba la ekari 30,000 haliwezi kusubiri siku mbili tatu za unyevu. Hapo ukubwa wenyewe, ambao kwenye ripoti ulikuwa ndio fahari ya mradi, ndio uliokuwa ugonjwa wake.

Mvua ikafanya yaliyobaki. Hapakuwa na kumbukumbu ndefu za mvua zilizopimwa pale pale Kongwa, na mwaka 1949 ukame ulikausha mimea ikiwa shambani. Alizeti iliyopandwa kuziba pengo nayo haikutoa kilichotarajiwa.

Wafanyakazi wa Kiafrika walikuja kwa maelfu, wengine kutoka mikoa ya mbali. Mishahara ilikuwa midogo na chakula cha sokoni kilipanda bei kwa sababu ya wingi wao wenyewe. Septemba 1947 mgomo wa makuli wa Dar es Salaam ulisambaa kufuata reli hadi bara, na Kongwa nayo haikubaki nyuma katika migomo ya mwaka ule. Katika masimulizi ya Kiingereza watu hawa hutajwa kama namba. Wao ndio waliojifunza pale kuendesha buldoza, kuchomelea vyuma na kufungua injini, na ujuzi huo ulitawanyika Tanganyika nzima mradi ulipokufa. Pengine ndio mazao pekee ya maana yaliyovunwa.

Usimamizi ulihamia Shirika la Chakula la Ng'ambo mwaka 1948 chini ya Leslie Plummer. Sehemu nyingine za mradi zilikuwa Urambo, upande wa Tabora, na Nachingwea kusini, ambako ilijengwa reli mpya na bandari ya Mtwara. Novemba 1949 Wakefield mwenyewe aliondolewa kwenye bodi. Mwaka 1950 kamati maalumu iliichunguza Kongwa na kushauri kilimo kikubwa cha mazao kiachwe, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza mwisho. Hasara iliyofutwa ilizidi pauni milioni 36. Kwa hesabu inayonukuliwa mara nyingi, mradi ulinunua tani 4,000 za karanga za mbegu na ukavuna tani 2,000.

Tangu Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa habari wa mradi, alipochapisha kitabu chake mwaka 1950, lawama zimegawanywa kwa kila mtu: mawaziri, majenerali wastaafu, mafundi, hali ya hewa. Mashine nazo zilichangia, lakini mashine zilizochakaa zingeweza kubadilishwa. Kosa lililozaa mengine ni kwamba halikuandaliwa shamba la majaribio hata moja, la ekari mia chache kwa misimu michache, kabla ya kuagiza mitambo ya mamilioni. Shamba kama hilo lingeonyesha tabia ya udongo na ya mvua kwa gharama ndogo sana. Na kabla ya shamba hilo, wazee wa Kigogo wangeweza kueleza bila malipo kwa nini wao hulima mtama na uwele kwanza na karanga kando tu. Wagogo walikuwa wanalima karanga. Walijua zinapoota na zinapokataa. Hakuna aliyeketi nao.

Nyika iliyosafishwa

Mashamba yaliyoachwa yalikabidhiwa, katikati ya miaka ya 1950, kwa Shirika la Kilimo la Tanganyika. Urambo ilipata tumbaku na ikainuka. Kongwa ilijaribiwa kwa wakulima wapangaji wa Kiafrika na kwa ng'ombe, na ng'ombe wakashinda. Nyasi zilizootesha mizizi pale vichaka vilipokuwa zilifaa malisho, na ndivyo ilivyozaliwa ranchi ambayo baada ya uhuru ilikuwa mali ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO. Ranchi ya Kongwa ina hekta zipatazo 38,000 na imejulikana kwa ng'ombe wa Boran wanaouzwa kwa wafugaji kuboresha mifugo yao. Kwa maneno mengine, sayansi ya miaka ya 1950 ilifika polepole kwenye uamuzi ambao Wagogo walikuwa wameufikia zamani: nyika ile ni ya mifugo.

Shule ya watoto wa Kizungu iliyofunguliwa kwa ajili ya familia za mradi iliendelea hadi mwaka 1958, kisha ikahamia Iringa kwenye majengo mapya ambayo baadaye yakawa Shule ya Sekondari ya Mkwawa. Tawi la reli lililotoka Msagali hadi Kongwa na Hogoro liling'olewa. Yakabaki mabanda, sakafu za zege na nyumba zisizo na watu.

Kambi ya wapigania uhuru

Majengo hayo yaliyoachwa ndiyo yaliyopokea tukio kubwa kuliko yote katika historia ya Kongwa. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa Addis Ababa na kuanzisha Kamati ya Ukombozi yenye makao yake Dar es Salaam. Vyama vya ukombozi vilihitaji mahali pa kuwaweka vijana waliokuwa wanarudi kutoka mafunzo ya kijeshi Algeria, Misri, China na Umoja wa Kisovieti, mbali na macho ya mji mkuu na mbali na mipaka. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikatoa Kongwa.

FRELIMO ya Msumbiji na Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC ya Afrika Kusini, walifika mwaka 1964, na SWAPO ya Namibia wakafuata mwaka huo huo. MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe nao wakapata sehemu zao. Kila chama kilikuwa na eneo lake, jiko lake na uongozi wake, kambi zikiwa jirani chini ya uangalizi wa maofisa wa Tanzania. Samora Machel, aliyerejea kutoka Algeria, aliongoza maandalizi ya wapiganaji wa FRELIMO hapo. Septemba 25, 1964 risasi za kwanza za vita ya ukombozi wa Msumbiji zililia Chai, Cabo Delgado. Tobias Hainyeko wa SWAPO alipitia Kongwa, na baadhi ya wapiganaji walioondoka kambini humo ndio walioanzisha vita ya Namibia, ambayo pigano lake la kwanza lilitokea Omugulugwombashe Agosti 26, 1966. Kwa upande wa ANC waliishi hapo watu kama Joe Modise, ambaye mwaka 1994 aliteuliwa Waziri wa Ulinzi wa Afrika Kusini huru, na Chris Hani, aliyeuawa Aprili 1993, mwaka mmoja kabla ya kuuona uhuru huo.

Maisha ya kambini hayakuwa ya kishujaa kila siku. Askari waliofunzwa kupigana walikaa miezi na miaka wakilima bustani, wakicheza mpira na kusubiri amri. Afrika Kusini ilikuwa mbali mno. Kati yake na Tanzania zilikuwepo Rhodesia na makoloni ya Wareno. Kusubiri kulizaa manung'uniko. Mwaka 1966 kikundi cha wapiganaji wa ANC kutoka Natal kilichukua lori na kuondoka kambini kupeleka malalamiko yake, na mwaka 1968 kundi la SWAPO lililotoka mafunzo China liliwapinga hadharani viongozi wake. Mwaka 1967 kikosi cha ANC na ZAPU kiliingia Rhodesia katika mapigano ya Wankie, na kushindwa kwake kulizidisha maswali yaliyoipeleka ANC kwenye mkutano wa Morogoro wa Aprili 1969. Mwanahistoria Christian Williams, aliyeichunguza kambi ya SWAPO, ameonyesha kwamba migogoro ya Kongwa ilikuwa mwanzo wa migogoro iliyokiandama chama hicho uhamishoni kwa miaka mingi. Kuisimulia kambi kwa nyimbo za ushindi peke yake hakuwatendei haki waliokaa humo.

Upo pia upande wa kijiji. Kambi ilikuwa umbali wa kutembea kutoka mji wa Kongwa. Wapiganaji walijifunza Kiswahili, wengine na Kigogo kidogo. Walinunua kuku na mboga, wakanywa pombe ya kienyeji kwa wenyeji wao, wakapenda na kuoa. Wapo wanawake wa Kongwa waliobaki na watoto wakati baba zao walipoondoka usiku kwenda Zambia na hawakusikika tena, na wapo watoto waliokua wakijua jina moja tu la baba, nalo la bandia, kwa kuwa kila mpiganaji alikuwa na jina la vita. Hii ndiyo gharama ambayo kijiji cha Tanzania kilibeba kwa ajili ya uhuru wa wengine, na haimo kwenye hesabu za bajeti yoyote. Msumbiji ilipata uhuru Juni 1975, Angola Novemba mwaka huo, Zimbabwe Aprili 1980, Namibia Machi 1990, na Afrika Kusini ikapiga kura ya wote Aprili 1994. Nchi tano, na zote tano zilikuwa na watoto wake kwenye nyika ile iliyosafishwa kwa ajili ya karanga.

Vijiji na vikope

Mwaka 1971, baada ya ukame mwingine, serikali iliendesha Operesheni Dodoma, na Wagogo waliokuwa wametawanyika kwenye maboma yao wakakusanywa katika vijiji vya ujamaa. Kongwa, wakati huo ikiwa sehemu ya Wilaya ya Mpwapwa, ilibadilika sura. Shule, zahanati na visima vilikuwa rahisi kupelekwa. Malisho na kuni vikawa mbali, na ardhi iliyozunguka vijiji ikachoka upesi. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitoa ahadi ambazo matunda yake yalichelewa miongo mingi.

Jambo lililoipa Kongwa nafasi katika vitabu vya tiba duniani lilianza kimyakimya katika miaka ya 1980. Vikope, yaani trakoma, vilikuwa vimeenea Ugogo. Ni ugonjwa wa bakteria unaoambukizwa kwa mikono, nguo na nzi wanaotua kwenye macho na pua za watoto; ukirudia miaka mingi, kope hugeuka ndani na kukwaruza mboni mpaka mtu anapofuka. Wanawake hupofuka zaidi ya wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaolea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na wenzao wa Tanzania walijiuliza swali lililoonekana dogo: je, kuwaosha watoto uso kunasaidia?

Kinyume na wataalamu wa karanga, wao walianza kwa kuzungumza na watu. Waligundua kwamba kina mama hawakupuuza usafi. Maji yaliletwa kutoka mbali, uso wa mtoto uliaminika kuhitaji maji mengi, na baba ndiye aliyekuwa na sauti juu ya muda wa mke wake na matumizi ya maji nyumbani. Basi mikutano ikawashirikisha wanaume pia, na ikaonyeshwa kwa vitendo, mbele ya kijiji kizima, kwamba lita moja ya maji huosha nyuso nyingi. Jaribio lilihusisha vijiji sita, vitatu vikipata kampeni ya kuosha uso pamoja na dawa, vitatu dawa peke yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba watoto waliodumu na nyuso safi walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata vikope vikali kuliko wenzao. Leo mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya trakoma una nguzo nne, yaani upasuaji, dawa, usafi wa uso na mazingira, na ile ya tatu inasimama kwa kiasi kikubwa juu ya ushahidi wa Kongwa.

Wilaya

Mwaka 1995 Kongwa ilimegwa kutoka Mpwapwa na kuwa wilaya kamili. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 309,973, na ya mwaka 2022 ikakuta wamepita 400,000. Kitovu cha fedha kimehamia Kibaigwa, kwenye barabara kuu, ambako soko la nafaka hupokea mahindi ya Kongwa, Kiteto na Gairo na kuyapeleka Dar es Salaam na hata nje ya nchi. Mkulima hukutana hapo na dalali, mzani na lumbesa, na bei ya gunia huamua kama ada ya shule italipwa. Mahindi hayo yana gharama nyingine: wakulima wengi wa Kongwa huvuka kwenda kulima Kiteto, na ugomvi wao na wafugaji wa huko juu ya ardhi umewahi kumwaga damu.

Katika siasa, Job Ndugai aliliwakilisha jimbo la Kongwa kuanzia mwaka 2000, akawa Spika wa Bunge mwaka 2015 na kujiuzulu Januari 2022 baada ya mvutano kuhusu mikopo ya serikali. Alifariki Agosti 2025.

Karanga hazikuondoka. Dodoma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa karanga na alizeti nchini, na Kongwa imo. Zinalimwa na wakulima wadogo, ekari moja au mbili, kwa mbegu kama Pendo iliyotolewa na watafiti wa Naliendele mkoani Mtwara kwa sababu hukomaa mapema kabla mvua haijakatika.

Kilicho hatarini sasa ni kumbukumbu ya kambi. Tanzania ndiyo mratibu wa Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, na Kongwa, yenye makaburi ya wapiganaji waliofia hapo, imo katika maeneo yake. Majengo na makaburi yanaweza kukarabatiwa mwaka wowote fedha ikipatikana. Wanawake waliowapikia, waliowapenda na waliowazalia wapiganaji wale wamezidi miaka sabini, na ushuhuda wao haujaandikwa kwa Kiswahili kwa kiwango kinachostahili. Halmashauri ya Kongwa, vyuo vikuu vya Dodoma na wizara yenye dhamana ya utamaduni wawarekodi sasa, kwa majina yao kama wakiridhia, na watoto wao wasaidiwe kuwatafuta baba zao huko Windhoek, Maputo na Johannesburg.